Mgahawa wa kuufufua mji: fedha za nani, hasara ya nani?

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kimeandikiwa wale wanaoamua kutoa au kutotoa fedha: wajumbe wa mifuko ya hisani, maofisa wa mikopo midogo, na wachangiaji wakubwa wa mtandaoni. Jina la mji, majina ya watu na tarehe vimeondolewa. Fedha zote zimegeuzwa kuwa vipande, ambapo bajeti ya kwanza ya mradi ni vipande 100, na kila kiasi kingine kimepimwa kwa kipimo hicho. Miezi inahesabiwa tangu siku uchangishaji ulipofunguliwa.

Usuli

Mji ulijengwa kandokando ya kiwanda kimoja. Kiwanda kilipopunguza kazi, watu walianza kuondoka, na katika vizazi viwili waliobaki walikuwa chini ya robo ya idadi ya zamani. Barabara kuu ilibaki na maduka mengi yaliyofungwa, zahanati iliyokwisha hamishwa, na kituo kimoja cha mafuta kilichouza mikate na soda. Mahali pa kuketi na kula chakula kilichopikwa hapakuwapo. Mji mkubwa wenye watu na fedha uko mwendo wa nusu saa kwa gari.

Katika mji huo mkubwa kulikuwa na mpishi mwenye jina. Alikuwa na migahawa mitatu, tuzo kadhaa, na ugomvi wa chinichini na wauza nyama na mamlaka ya kodi kuhusu madeni yaliyochelewa. Wachache walijua habari za madeni. Habari za tuzo zilijulikana kwa wote.

Jengo lililopendekezwa lilikuwa gereji ya zamani ya kuuzia na kutengenezea magari, lenye ghorofa ya juu iliyogeuzwa makazi. Mwenye jengo alikuwa kiongozi katika halmashauri ya mji, naye ndiye aliyemwalika mpishi. Alimpa pango la bure kwa miaka 2, na baada ya hapo asilimia 6 ya mauzo. Hakuna aliyeuona mpango huo kuwa na kasoro, na kwa kweli ulikuwa wa ukarimu. Kasoro yake ilijificha mahali pengine, kama itakavyoonekana.

Ombi lilikuwa hivi: mgahawa wa viti 62, wa hadhi ya juu, wenye bustani ya mboga nyuma yake, mafunzo ya upishi kwa vijana wa mji, na punguzo la nusu bei kwa kila mkazi. Bajeti ilipangwa hivi:

- ujenzi na mabomba: 38
- vifaa vya jikoni: 24
- samani na ukumbi: 12
- mafunzo na bustani: 9
- vibali, wasanifu na wanasheria: 7
- mtaji wa kuendeshea: 6
- dharura: 4

Mtu aliyewahi kufungua mgahawa ataishia kwenye mistari miwili ya mwisho. Jengo la zamani linalobadilishiwa matumizi huhitaji dharura ya asilimia 15 hadi 20 ya ujenzi, na mtaji wa kuendeshea wa kutosha kulipa mishahara, bima na umeme kwa miezi 3 hadi 6 hata kama ukumbi uko nusu tupu. Hapa dharura ilikuwa kama asilimia 10 ya ujenzi, na mtaji wa kuendeshea usingevuka wiki ya tano.

Mambo yalivyokwenda

Uchangishaji wa mtandaoni ulifunguliwa kwa mtindo wa yote au hakuna: lengo lisipofikiwa, hakuna anayekatwa fedha. Ndivyo Kickstarter, jukwaa la kuchangisha fedha mtandaoni, ilivyofanya kazi tangu ilipoanza mwaka 2009. Jukwaa la aina hiyo hukata ada yake, ile ya Kickstarter ikiwa asilimia 5, na juu yake huja gharama za malipo. Zikachangwa vipande 43. Baada ya makato zilifika karibu 40. Mfuko wa hisani, ambao hapa tutauita Mfuko wa Kwanza, ulikuwa umeahidi ruzuku ya 35 endapo umma ungechanga. Mkopo wa 25 ulitoka kwa mkopeshaji mdogo, kwa dhamana ya vifaa na dhamana binafsi ya mpishi.

Video ya uchangishaji ilionyesha nyumba zilizobomoka, mtoto akiendesha baiskeli mbele ya duka lililopigwa mbao, na sauti ikiutaja mji kuwa umekufa. Mkutano wa kwanza na wakazi uliitishwa mwezi wa 3, fedha zikiwa zimekwisha patikana. Mzee mmoja alisimama akauliza yeye alikufa lini. Watu walicheka, mwenyekiti akasonga mbele kwenye ajenda inayofuata. Kumbukumbu za mkutano ule hazina jibu la swali hilo.

Mwezi wa 5 mafundi walipochimba sakafu ili kupitisha bomba la maji taka, walikuta matangi mawili ya mafuta yaliyozikwa na udongo mweusi wenye harufu ya dizeli. Mtu akinunua gereji ya zamani asipime udongo, basi ameununua na udongo. Kipimo kilichoachwa kingegharimu chini ya nusu kipande. Kuondoa matangi na udongo kuligharimu 14.

Mwezi wa 9 alikuja mkaguzi wa moto. Moshi wa jiko la kibiashara hubeba mvuke wa mafuta, na mafuta hayo huganda ndani ya bomba. Siku yakishika moto, bomba hugeuka tanuri linalopita katikati ya nyumba. Kwa kuwa juu ya jiko walikuwa wanaishi watu, bomba lilipaswa kuwa la chuma kilichoungwa bila mwanya, kuzungushiwa ukuta wa kustahimili moto kutoka dari ya jiko hadi juu ya paa, kuwa na milango ya kusafishia kila linapokata kona, na kuwa na mfumo wa kuzima moto unaokata gesi wenyewe. Mchoro wa kwanza ulikuwa na bomba la kawaida linalotokea ukutani. Marekebisho: 19.

Orodha ikaendelea. Umeme wa fezi tatu haukuwepo hadi jengoni (9). Chemba ya kunasa mafuta iliyopangwa ilikuwa ndogo kwa jiko la viti 62, na ilibidi ihamishiwe nje (6). Vyoo na njia ya viti vya magurudumu (8). Bima, ulinzi, riba na wasanifu kwa muda ulioongezeka (10). Bei za vifaa na ufundi zilipanda kwa 14. Jumla ya ziada ilikuwa 80: nane zilitoka kwenye dharura na mtaji wa kuendeshea, na 72 zilibidi zitafutwe. Gharama ya mradi ikafika 172.

Mwezi wa 16 mgahawa mmoja wa mpishi katika mji mkubwa ulifungwa, na magazeti yakaandika juu ya madeni yake. Wachangiaji wakaanza kudai maelezo. Mfuko wa Kwanza ukaongeza 20, mfuko wa pili ukatoa 27, wawekezaji binafsi 15, mkopeshaji 10.

Mlango ulifunguliwa mwezi wa 43. Ahadi ilikuwa mwezi wa 14.

Miezi minane ya mwanzo ukumbi ulijaa. Sifa zilitoka nchi nzima, wageni wakasafiri kutoka mbali. Kisha mambo yakatulia, kama yanavyotulia kila mahali. Mwezi wa 55 punguzo la wakazi lilibanwa kuwa Jumanne na Jumatano tu. Mwezi wa 67 pango la bure lilikwisha. Mwezi wa 73 kompresa ya chumba baridi iliungua wiki ambayo fedha ya mishahara ilikuwa haijatimia. Mgahawa ulifungwa mwezi wa 74, baada ya kufanya kazi miezi 31.

Maamuzi manne na sababu zake

Mfuko wa Kwanza uliamua kuchunguza mradi bila kumchunguza mtu. Sababu waliyoiandika ni kwamba kampuni ya mgahawa mpya ilikuwa chombo tofauti kisheria na madeni ya zamani hayakuihusu. Kisheria walikuwa sawa. Lakini mkopeshaji alikuwa amechukua dhamana binafsi ya mpishi, hivyo deni lolote lililomlemea mpishi lilidhoofisha dhamana iliyoubeba mkopo wa mgahawa. Isitoshe, umma ulikuwa unachangia jina lake hasa.

Pili, ofisa mmoja wa mfuko alizisikia habari za madeni kabla uchangishaji haujafungwa, akashauri zisitajwe ili kampeni isianguke. Alihofia kuua kitu chema kwa uvumi, na hofu hiyo inaeleweka. Ila habari hizo hazikuwa uvumi: baadhi ya madai yalikuwa tayari kwenye daftari la mahakama, wazi kwa yeyote anayetaka kusoma.

Tatu, vyakula vya bure vilitolewa kama zawadi kwa wachangiaji, bila tarehe ya mwisho wa kutumika. Ilikuwa rahisi kuliko kugawa hisa, ambazo zingehitaji wanasheria na taarifa rasmi.

Nne, mwezi wa 20, fedha za kwanza zilipokuwa zimeisha, mifuko iliamua kuongeza badala ya kusimamisha. Hoja ilikuwa kwamba jengo lililokwama nusu ni aibu kubwa zaidi kwa mji kuliko gereji iliyofungwa. Wengi hulichukulia hili kama kosa la kutupa fedha nzuri nyuma ya fedha mbovu. Sisi tunaona uamuzi wenyewe ulikuwa na mantiki. Kosa ni kwamba walikuwa na nguvu kubwa kuliko wakati mwingine wowote ya kudai masharti mapya, na hawakudai hata moja.

Matokeo

Vifaa viliuzwa kwa mnada vikaleta 5, kiasi cha kawaida kwa jiko lililotumika, maana soko la oveni na majokofu ya mitumba ni la wanunuzi. Mkopeshaji, mwenye dhamana ya kwanza, alizichukua zote. Kati ya 35 alizokopesha, 9 zilikuwa zimelipwa, na 21 zilizobaki zikamwangukia mpishi mwenyewe. Wawekezaji binafsi hawakupata kitu. Wafanyakazi walidai wiki mbili za mshahara. Bustani ya vijana ilidai miezi mitatu ya mboga.

Siku ya kufungua, wafanyakazi 26 walikuwamo, 8 kati yao wakazi wa mji. Siku ya kufunga walikuwa 19, wakazi 5. Mafunzo yalichukua vijana 48 kwa mafungu ya wanane, wiki 12 kila fungu. Waliomaliza ni 35, na 22 kati yao walipata kazi ya jikoni ndani ya miezi mitatu, 18 nje ya mji.

Uchambuzi

*Kufunga peke yake hakuthibitishi kosa*

Migahawa hufa. Ule msemo kwamba tisa kati ya kumi hufungwa mwaka wa kwanza hauna msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na H. G. Parsa na wenzake, kwa data za mji wa Columbus nchini Marekani, ulikuta kama robo hufungwa au kubadili mikono mwaka wa kwanza na karibu asilimia 60 ndani ya miaka mitatu. Hiyo ni migahawa ya kawaida, katika mji wenye wateja. Hivyo yeyote aliyetoa fedha hapa alipaswa kuanza na dhana kwamba kufungwa ndani ya miaka mitatu ndilo jambo linaloelekea kutokea, kisha ajiulize: siku hiyo ikifika, nani atabaki na nini?

Swali hilo halikuulizwa. Kila nyaraka ya mradi iligawa faida: ajira, mboga, heshima ya mji. Hakuna iliyogawa hasara.

*Fedha zilizoganda ukutani*

Tazama tena hesabu. Ujenzi wa awali 38, udongo 14, moshi 19, umeme 9, chemba 6, vyoo 8: vipande 94 vimeganda kwenye jengo. Bomba la moshi halihamishiki. Udongo safi haubebeki. Mgahawa ulipokufa, vyote vilibaki kwa mwenye jengo, ambaye mchango wake ulikuwa miaka 2 ya pango la jengo ambalo, kwa hali lililokuwamo, lisingempata mpangaji.

Hatusemi alipanga hivyo. Inawezekana kabisa alikuwa mtu mwema kuliko wote kwenye mradi. Mgongano wa maslahi hauhitaji mtu mbaya ili ulete madhara, unahitaji mkataba ulionyamaza tu. Na huu ulinyamaza mara mbili: haukusema maboresho ni ya nani, na halmashauri, ambayo kiongozi huyo alikuwa na kiti ndani yake, ndiyo iliyotoa barua ya kuunga mkono mradi bila yeye kutoka chumbani wakati wa kura.

Dawa yake inajulikana na si ghali. Mfuko unapolipia maboresho katika jengo la mtu, huandikisha dai juu ya hati ya jengo kwa thamani ya maboresho, na dai hupungua kila mwaka mgahawa unapokuwa wazi: kwa mfano, sehemu moja ya kumi kila mwaka kwa miaka 10. Mgahawa ukifungwa mwishoni mwa mwaka wa tatu, saba ya kumi hurudi, au jengo hupangishwa kwa mradi mwingine wa umma hadi thamani iishe. Pamoja na hilo huja mkataba wa pango wa miaka isiyopungua 10, unaoweza kuhamishiwa mpangaji mwingine bila mwenye jengo kupandisha masharti.

*Mchangiaji ni nani?*

Aliyetoa fedha mtandaoni hakuwa mwekezaji, kwa kuwa hakuwa na hisa. Hakuwa mkopeshaji. Hakuwa mfadhili kamili, kwa kuwa aliahidiwa chakula. Alikuwa mteja aliyelipa miaka kabla ya kula, bila kinga ambazo mteja wa kawaida anazo. Jukwaa lenyewe halimdhamini: makubaliano ni kati yake na mwenye mradi.

Upande wa pili wa sarafu uliumiza mgahawa wenyewe. Zawadi za chakula zilikuwa na thamani ya menyu ya vipande 24. Katika mgahawa huu viungo vilikula asilimia 32 ya bei na mishahara asilimia 36. Kwa hiyo kuwalisha wenye kuponi kungegharimu karibu 16. Fulana na vitabu vya mapishi pamoja na kuvisafirisha, 2. Zile 40 zilizosherehekewa zilikuwa 22 za kujengea na 18 za deni lililovaa nguo za mchango. Katika miezi sita ya kwanza, theluthi ya wageni walikuja na kuponi. Ukumbi ulionekana umejaa, magazeti yakaandika umejaa, na mhasibu akitazama droo ya fedha anashindwa kuelewa.

Ushauri wetu kwa yeyote anayepanga zawadi za namna hii: thamani ya menyu ya kuponi zote isivuke robo ya fedha zinazotarajiwa, zitumike siku ambazo ukumbi huwa mtupu tu, ziwe na mwisho wa kutumika unaoanza kuhesabiwa siku ya kufungua, na fedha za kuzihudumia ziwekwe akaunti ya pembeni tangu siku ya kwanza. Ile ya pembeni ndiyo hukataliwa zaidi. Watu huona ni kama kuficha fedha ambazo ujenzi unazililia.

*Punguzo la wakazi*

Hapa kuna somo ambalo tathmini nyingi hulikosa, kwa sababu hulipima punguzo kama wema au kama hasara, na kumbe linategemea siku.

Mkazi akila Ijumaa usiku ukumbi ukiwa umejaa, analipa 50 kwa kila 100 za menyu, mgahawa unatumia 68 kwa viungo na mishahara, na amekaa kiti ambacho mgeni wa bei kamili angekikalia. Akila Jumanne ukumbi ukiwa nusu tupu, mhudumu na mpishi wameshalipwa wawepo au wasiwepo watu, kwa hiyo gharama ya kweli ni viungo tu: 32. Mgahawa unabaki na 18. Kubana punguzo kuwa Jumanne na Jumatano kulikuwa sahihi kihesabu. Kulikuwa pia kuvunja ahadi iliyotumika kuombea fedha, na hakuna mchangiaji aliyearifiwa.

Wala bei haikuwa kizuizi peke yake. Katika mwaka wa kwanza mgeni mmoja tu kati ya 12 alikuwa mkazi. Kuhifadhi meza kulifanyika mtandaoni kwa kadi ya benki, na wazee wengi hawakuwa nayo. Aliyefanikiwa kuketi alitakiwa amwonyeshe mhudumu bili ya maji au kitambulisho chenye anwani ili apewe nusu bei, mezani, mbele ya meza za jirani zilizokuja na magari ya kifahari. Kuna akina mama waliokuja mara moja, wakatoa ile bili mkobani ikiwa imekunjwa nne, wakala, na hawakurudi. Mwezi wa 50 maktaba ya mji ilianza kutoa kadi ndogo isiyo na maandishi ya nusu bei, ya kuonyeshwa mlangoni tu, na namba ya simu ya kuhifadhi meza ikabandikwa kwenye ubao wa maktaba. Idadi ya wakazi ikaongezeka maradufu ndani ya miezi mitatu. Marekebisho hayo hayakugharimu karibu chochote, na yangeweza kugunduliwa katika mkutano mmoja kabla ya kufungua.

*Fedha ilibaki mjini kiasi gani?*

Neno kufufua linahitaji kipimo. Chukua 100 za mgeni. Viungo 32: kati yake 2 zilikwenda kwenye bustani na mfugaji nyuki wa mji. Mishahara 36: robo yake, yaani 9, kwa wafanyakazi wakazi. Pango, miaka miwili ya kwanza, sifuri. Umeme, bima, riba na mvinyo vyote vilitoka nje. Mji ulibaki na 11. Na kwa kuwa hapakuwa na duka la chakula, mfanyakazi mkazi alibeba sehemu kubwa ya zile 9 hadi mji wa jirani kununua unga na sabuni.

Hilo halifanyi mgahawa kuwa kazi bure. Linaonyesha kwamba mgahawa hauwezi kuwa jambo la kwanza. Fedha hukaa pale inapopata mahali pa pili pa kutumika. Mpango uliowekwa kwa mfuatano mwingine, duka la chakula kwanza hata dogo, kisha jiko la mafunzo linalopika vyakula vya shule na vya wazee kwa mkataba, kisha mgahawa, ungefanya kila hatua iibebe inayofuata.

*Je, fedha zingekwenda kwenye zahanati?*

Wakazi waliuliza, na swali hilo halina jibu moja. Fedha 40 za umma zisingekwenda kwenye zahanati, kwa sababu waliochanga walimchangia mpishi. Kuwalaumu kwa kutochangia kitu ambacho hakuna aliyewaomba si haki. Ruzuku za mifuko ni jambo tofauti. Zile 82, yaani 35, 20 na 27, zilitoka kwenye fungu la maendeleo ya mji, na fungu hilo lilikuwa na uhuru wa kwenda popote mjini. Kwa 82 hizo mifuko ilipaswa kuonyesha kwa maandishi ni kitu gani kingine kilifikiriwa na kwa nini kiliachwa. Hakuna karatasi hiyo. Mwezi wa 20, ombi la pili lilipopitishwa, lilipitishwa peke yake, kwa haraka, kabla bajeti ya mwaka haijafungwa.

*Yaliyofanya kazi*

Mafunzo. Vijana 22 kati ya 48 wakiwa kazini jikoni ndani ya miezi mitatu ni matunda halisi ya fungu la vipande 9 la mafunzo na bustani. Wapo wanaolalamika kwamba 18 kati yao waliondoka, hivyo mji haukufaidi. Hatukubaliani. Kijana hana deni la kubaki katika mji kwa sababu mtu alilipia darasa lake. Kama lengo ni mji wenyewe, basi lengo hilo liandikwe na kazi ziwepo. Vinginevyo, kumlaumu aliyepanda basi ni kumwadhibu kwa kufaulu. Mafunzo yalidumu kwa sababu moja ya kiufundi: fedha zake zilikuwa na akaunti yake, mwalimu wake, na mkataba usiotegemea mauzo. Ujenzi ulipomeza kila kitu, hazikuguswa.

Jambo la pili lililokwenda vizuri ni kwamba, baada ya habari za madeni kutoka, mpishi aliandika kwa wachangiaji kila mwezi bila kukosa, na picha za mashimo, ankara na makosa yake. Waliodai kurudishiwa fedha walikuwa wachache. Ukweli uliotolewa mwezi wa 16 kwa kulazimishwa ulivumilika. Ungetolewa mwezi wa 1, huenda zingechangwa 30 badala ya 43, lakini zingekuwa 30 za watu waliojua.

Masharti ambayo yangewekwa mezani

Kabla ya kipande cha kwanza kutoka: kipimo cha udongo, na ukaguzi wa moto juu ya mchoro, kabla ukuta haujaguswa. Taarifa ya madeni binafsi ya mwendeshaji, pamoja na tamko la mwenye jengo kuhusu nafasi yake ya umma, vikiwa wazi kwa wachangiaji. Mkutano wa wakazi kabla ya video, na haki yao ya kuona jinsi mji wao unavyoonyeshwa.

Wakati fedha zinatoka: kwa mafungu manne, fungu la pili likisubiri vibali vyote, la tatu likisubiri mtaji wa kuendeshea wa miezi 4 uwe benki, la nne likitoka miezi 3 baada ya kufungua. Ruzuku nyingi hutolewa zote wakati wa ujenzi, kana kwamba mgahawa unaishi kwa matofali.

Na umiliki. Uingereza vipo vilabu vya pombe na maduka ya vijijini yanayomilikiwa na wakazi kupitia hisa za jamii: kila mwanachama ana kura moja awe na hisa 5 au 500, hisa haziuzwi sokoni, na sheria za chama zinaweza kufunga mali isigawanywe kwa wanachama siku chama kikivunjwa. Kwa mradi huu ingetosha jengo kuwa mikononi mwa chama cha namna hiyo na mpishi awe mpangaji wake. Mpishi angeweza kushindwa vilevile. Jiko lingebaki la mji.

Mwezi wa 81 jengo lilipata mpangaji mpya, kampuni ya chakula cha sherehe kutoka mji mkubwa. Ilihamia bila kuhitaji kubadilisha bomba la moshi, umeme wala chemba ya mafuta, na inalipa pango la bei ya soko kwa mwenye jengo.